Bonde la Msimbazi: tuhame, ndiyo, lakini tuhamishwe kwa haki

Mwana_wa_Mzimuni (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aweke alama arudi akitulia, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitatu.

Kila mjadala wa Bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, ambako wakazi wanahamishwa kupisha mradi wa kukabili mafuriko, unaishia kwenye kambi mbili. Kuna wanaosema "walivamia, waondolewe", na kuna wanaosema "wanyonge wasiguswe". Mimi ni mzaliwa wa Mzimuni, nina ndugu waliokaa Kigogo, Suna na Mkwajuni, na nasema wazi: watu lazima watoke kwenye njia ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Tukapigwa tena 2014, tukapigwa 2018, na baada ya hapo imekuwa mvua kubwa ikinyesha tu Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yanasimama, watu wanavuka na viatu mkononi. Nani anataka mjukuu wake alale pale?

Kwa hiyo hoja yangu haihusu kuhama au kutohama. Hoja yangu ni kwamba tunapima kitu kisicho sahihi tunapolipa fidia. Tunalipa kuta, na mtu wa bondeni hakununua kuta. Alinunua mahali.

Nitaeleza. Mthamini akija anapima kuta kwa tepu, anahesabu milango na madirisha, anaandika kama sakafu ni ya saruji au vigae, dari ipo au haipo, choo cha ndani au cha nje. Kisha mwenye nyumba anasimama mbele ya mlango akiwa ameshika kibao chenye namba yake, anapigwa picha. Hapo kazi imekwisha. Sasa nyumba ya vyumba vinne ya Kigogo, kuta zimeliwa na chumvi hadi usawa wa kiuno, mlangoni kuna kingo ya saruji ya kuzuia maji, kitanda kimenyanyuliwa juu ya matofali, ukutani unaona mstari wa kahawia wa mafuriko ya mwaka gani na juu yake mstari wa mwaka mwingine. Nyumba hiyo itathaminiwa shilingi ngapi? Kidogo sana. Na kwa macho ya fomu, mthamini hakukosea.

Lakini mwenye nyumba hiyo anatoka saa kumi na moja alfajiri anakwenda Kariakoo kwa miguu, anarudi mchana kwa miguu. Mke wake anakaanga maandazi barazani na wateja ni majirani. Vyumba viwili wamepangisha. Mtoto anasoma shule anayoiona kutoka dirishani. Ukimpa thamani ya zile kuta, atapata kiwanja Chanika au Msongola, pembezoni kabisa mwa jiji, nauli ya kwenda na kurudi kila siku itakula mtaji wa maandazi, na wapangaji hatawapata. Karatasi itasema amelipwa kikamilifu na yeye atakuwa masikini kuliko jana.

Sasa tuje kwenye mradi wenyewe. Mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, dola milioni 260 kwa jumla: milioni 200 ni mkopo wa Benki, nyingine ni mkopo wa Hispania na msaada wa Uholanzi. Msimamizi ni TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) kupitia TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Ndani yake kuna kuchimba na kupanua mto, daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, na eneo la bonde kugeuzwa bustani kubwa ya jiji ambayo maji yakija yanapata pa kukaa. Mimi naunga mkono yote hayo.

Mgogoro ulianzia kwenye neno moja la kisheria: ardhi hatarishi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa miongoni mwa zinazoweza kutangazwa hatarishi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60. Kwa msingi huo uthamini wa mwanzo ukahesabu jengo bila ardhi. Watu wakapata hesabu ambazo hazitoshi hata kiwanja. Baada ya malalamiko ikaongezwa shilingi milioni 4 kwa ajili ya ardhi. Nashukuru kwamba walisikilizwa. Lakini ulizeni bei ya kiwanja popote palipo na daladala ya moja kwa moja kwenda Kariakoo, kisha mrudi hapa mniambie.

Karibuni. Naomba tujadili kwa heshima, humu kuna watu waliopoteza ndugu.

---

Jicho_la_Mlipakodi

Mkuu, uzi mzuri, ila nakupinga na naomba nisitukanwe.

Ule mkopo tutaulipa sote, mpaka aliyeko Nachingwea ambaye hajawahi kuliona bonde. Jangwani na bonde lote vilikatazwa kujengwa tangu enzi za mipango miji ya zamani, Mpango Kabambe wa 1979 ukiwemo. Mimi nilinunua kiwanja kilichopimwa Kibaha baada ya kuweka akiba miaka. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda kazini Posta. Mwenzangu alijenga bondeni bila kibali, akaamka saa moja. Leo nimlipe ardhi ambayo haikuwa yake, tena bei ya ardhi nzuri? Kesho bonde la Mto Mzinga na Mto Tegeta yatajaa watu wanaosubiri mradi. Huruma ni nzuri lakini sheria ina kazi yake.

---

Mwana_wa_Mzimuni

Kaka Jicho, hoja yako ina uzito na sitaikwepa.

Kwanza, suala la watu kukimbilia kujenga ili walipwe lina dawa yake, nayo inaitwa tarehe ya ukomo. Siku orodha inapofungwa, picha za anga zinapigwa, namba zinaandikwa kwenye milango, na anayejenga kesho yake hapati kitu. Ikisimamiwa bila kupindishwa na mtu wa ofisi ya mtaa, mlango huo umefungwa.

Pili, ni kweli nyumba zile hazina hati. Hata leseni za makazi zilipoanza kutolewa Dar miaka ya 2000, sheria ilisema ni kwa ardhi isiyo hatarishi, kwa hiyo bondeni hawakupata. Lakini serikali iliyosema "hapa hapafai" ndiyo hiyo hiyo iliyoweka nguzo za umeme, mabomba, vituo vya kupigia kura, wajumbe na watendaji. Mauziano yalifanyika mbele ya serikali ya mtaa na asilimia yake ikachukuliwa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mama mwenye vyumba viwili pale Suna anakatwa kila mwezi kama wewe wa Kibaha. Huwezi kumtambua mtu siku ya kumtoza na kumsahau siku ya kumlipa.

Tatu, Benki ya Dunia ina viwango vyake vya mazingira na jamii, na kiwango cha 5 ndicho cha uhamishaji. Tulivikubali tuliposaini mkopo. Kinasema mtu asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi halipwi ardhi, hapo uko sahihi. Lakini kinataka alipwe jengo kwa gharama ya kujenga jipya bila kukata uchakavu, asaidiwe kuhama, na maisha yake yarudi angalau pale yalipokuwa. Kanuni zetu za fidia za 2001 zinakata uchakavu. Nyumba iliyoliwa na chumvi kiunoni ikikatwa uchakavu inabaki nini?

---

MamaZai_Kigogo

Asalaam aleikum. Mimi huwa nasoma tu, leo naandika kwa sababu nimeona mnaongelea wenye nyumba peke yao.

Mimi ni mpangaji. Nilikaa chumba kimoja na sebule Kigogo, nauza uji na chapati asubuhi kwa mafundi gereji. Watu wa kuandikisha walipokuja, baba mwenye nyumba alituambia tusiwe tunajitokeza, mambo ni yake. Tukanyamaza, ni baba wa watu, hatukutaka ugomvi. Alipolipwa hela zake akatuambia tuondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Kodi yangu niliyokuwa nimelipa mbele alinirudishia nusu.

Huko nilikohamia wanataka kodi ya miezi sita. Mwanangu alikuwa darasa la saba, ikabidi alale kwa dada yangu Manzese amalizie mtihani. Wateja wangu wa chapati wako wapi? Wengine walihamia Mbagala, wengine Gongo la Mboto. Mtaji wangu ulikuwa ni kujuana, mtu anakula leo analipa Jumamosi.

Sisi wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba. Nyumba moja ina familia nne, tano. Sasa mkisema wananchi wamelipwa, mjue aliyelipwa ni mmoja.

---

Mwana_wa_Mzimuni

Dada yangu pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hili ndilo lililonikera zaidi na sikulipa nafasi ya kutosha pale juu.

Sheria yetu ya fidia imejengwa kumzunguka mwenye ardhi. Zile kanuni za 2001 zina posho ya usumbufu, gharama za usafiri, upotevu wa faida, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36. Miezi 36! Na kwa vitendo anayepokea ni mwenye nyumba, wakati anayehangaika kutafuta chumba ni mpangaji. Kiwango cha 5 nilichokitaja kinawataja wapangaji waziwazi, wanatakiwa kuhesabiwa na kusaidiwa kuhama.

Kwa hiyo uandikishaji ufanywe chumba kwa chumba, usiku au Jumapili watu wakiwa nyumbani, kila kaya ijieleze yenyewe. Mwenye nyumba asiulizwe habari za wapangaji wake. Na biashara ya barazani iandikwe: unauza nini, kwa siku unapata nini, shahidi ni nani. Mjumbe anajua.

---

Maji_na_Udongo

Nimefanya kazi za mito, niongeze upande wa kitaalamu kidogo maana naona watu wanauliza kwa nini isijengwe tu kuta ndefu kila upande watu wakabaki.

Msimbazi una kama kilomita 35, unatoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe hadi baharini pale daraja la Salenda, na unapokea mito mingine kama Luhanga, Ubungo na Sinza (wengi mnauita Mto Ng'ombe). Tatizo lake kubwa ni udongo. Juu kule miti imekatwa, viwanja vimefyekwa kwenye miteremko, watu wanachimba mchanga kwenye kingo. Mvua ikinyesha udongo wote huo unasafiri mpaka Jangwani ambako ardhi ni tambarare na maji yanapunguza mwendo, ndipo unatua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka. Ukijenga kuta, mto utaendelea kupanda katikati ya kuta, na siku ukuta unapasuka maji yanaingia mitaani yakiwa juu kuliko mapaa. Afadhali mto uwe mpana, wenye maeneo ya pembeni ya kufurika bila kuua mtu, na sehemu maalumu juu ya kunasa mchanga ambapo unachotwa na kuuzwa kwa utaratibu. Mikoko ya mdomoni mwa mto nayo inahitaji kuachwa.

Kwa hiyo kuhama ni lazima kwa walio chini. Ila naunga mkono mleta uzi kwa sababu nyingine ambayo hajaitaja: aliye Jangwani anahama kwa sababu ya udongo wa Kinyerezi na Pugu. Anayejenga ghorofa mteremkoni bila kuzuia udongo, na mwenye malori ya mchanga, wao wanabaki. Ukiwahamisha masikini wa chini ukawaacha wa juu, baada ya miaka kumi bustani yenyewe itafukiwa.

Mpango wa mwaka 2018 uliozaa mradi huu ulifanywa kwa kuwakalisha watu pamoja: wahandisi, wizara, manispaa na wakazi, kwenye ramani moja. Lilikuwa jambo zuri sana. Hasara ni kwamba ramani ilichorwa pamoja, lakini hesabu za fidia zikafanywa na wachache.

---

Nyayo_za_Mathare

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nawasoma kutoka Nairobi na nataka mjue mna kitu ambacho sisi hatukupata: orodha kabla ya tingatinga.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 Kenya nzima. Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, maji yalikuja usiku. Kabla hatujamaliza kuzika, amri ikatoka kwamba walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, matingatinga yakaingia. Mimi niliona mama akichomoa mabati ya nyumba yake mwenyewe haraka haraka ili yasipondwe, kwa sababu mabati ndiyo aliyobaki nayo. Rais alipokuja Mathare aliahidi shilingi elfu kumi kwa kila familia. Elfu kumi za Kenya ni kodi ya miezi michache ya chumba cha mabati, kisha?

Na sheria tunayo. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inataja haki ya makazi, na Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Ilani hiyo haikuonekana. Wengi walihamia hatua chache tu kutoka pale, mabati yale yale. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuhuisha Mto Nairobi uliozinduliwa 2025, na sisi tuliokaa kando ya mto tunauliza swali moja tu: tutakuwa wapi wakati maua yanapandwa?

Msikubali kufanyiwa haraka. Haraka ndiyo inayowaumiza watu.

---

Mzee_wa_Kiwanja

Vijana, mimi ni katika waliohamishwa bondeni kupelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya 2011. Niwaeleze kwa ukweli maana watu wanapatumia kama mfano bila kupajua.

Tulianza kwenye mahema. Kiwanja tulipewa, cha kupimwa, na hilo ni jambo kubwa, halipatikani kwa urahisi. Lakini mwanzoni usafiri ulikuwa taabu, maji taabu, na kazi zetu zilikuwa Kariakoo na Ilala. Kutoka kule hadi mjini ni zaidi ya kilomita 30. Waliokuwa na kipato cha kila siku walishindwa. Wengine waliuza viwanja kwa bei ya chini wakarudi bondeni kupanga. Siwalaumu. Mtu hali kiwanja.

Mimi nilibaki kwa sababu fundi seremala kazi yake inamfuata. Leo pale kuna barabara, kuna shule, na kiwanja changu kina thamani kuliko nyumba yangu ya zamani mara nyingi. Kwa hiyo asiyenijua akiniona leo atasema Mabwepande ilifaulu. Ilifaulu kwa aliyeweza kusubiri. Wangetupa nauli na biashara ndogo kwa mwaka mmoja au miwili ya kwanza, au wangeanza na daladala na bomba ndipo watuhamishe, nusu ya waliouza wasingeuza.

---

Mwana_wa_Mzimuni

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako nitayanukuu popote nitakapokwenda. Kusubiri ni gharama, na kwenye fomu ya uthamini hakuna mstari wa kusubiri.

---

Msambaa_wa_Uholanzi

Naishi Uholanzi, na kwa kuwa nchi hii imetoa msaada kwenye mradi wa Msimbazi, niseme wao walifanyaje kwao.

Mwaka 1995 mito ilijaa huku hadi watu wapatao 250,000 wakahamishwa kwa dharura. Baada ya hapo wakabadili fikra: badala ya kuendelea kuinua kingo, wakaanza mpango wa kuupa mto nafasi. Kuna mahali panaitwa Overdiepse Polder, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliambiwa ardhi yao itaachwa ifurike mto ukizidi. Wale wafugaji hawakukaa kusubiri barua. Walikaa wenyewe wakaleta pendekezo lao: ukingo ushushwe, nyumba na mazizi yajengwe upya juu ya vilima vya udongo, na asiyetaka kubaki alipwe aende. Serikali ikalichukua pendekezo lao. Waliobaki wakajengewa vilima, wengine wakaondoka na fidia zao.

Najua Jangwani hapawezekani kufanana na hapo, ardhi ni finyu na watu ni wengi, na wale wafugaji walikuwa na hati. Ninachosisitiza ni mpangilio wa mambo: watu walijua wanakwenda wapi kabla ya mto kuguswa. Kwenye mpango wa Msimbazi kuna maeneo ya pembezoni yatakayoinuliwa kwa udongo ili yajengwe nyumba. Basi waliohamishwa wapewe nafasi ya kwanza kupanga au kununua kwa awamu pale, kabla ya kuwafungulia wawekezaji. Liandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo kwenye mkutano wa hadhara haishikiki.

---

Jicho_la_Mlipakodi

Nimewasoma wote. Kwenye wapangaji na kwenye watu wa juu wa mto nimebadili mawazo, sikuwa nimewaza kabisa kwamba aliyelipwa ni mmoja kati ya familia tano. Kwenye ardhi bado nina shaka, lakini naona kulipia kipato na muda wa kujipanga ni tofauti na kulipia ardhi, na hilo naweza kulikubali kama mlipa kodi.

Sasa swali langu. Tukishalipa tukawatoa, nani anazuia bonde lisijae tena? Mwishoni mwa 2015 nyumba zilibomolewa Mkwajuni na Hananasif, X nyekundu ya kubomolewa kila mlango, kesi zikaenda mahakamani. Miaka michache baadaye watu wapo.

---

Mwana_wa_Mzimuni

Swali zuri kaka, na jibu liko kwenye ulichokisema mwenyewe. 2015 ilikuwa kubomoa, siyo kuhamisha. Mtu aliyevunjiwa asubuhi bila pa kwenda atalala juu ya kifusi chake jioni. Anayerudi bondeni mara nyingi ni yule ambaye hesabu zake hazikukaa alikopelekwa, kama mzee alivyoeleza.

Halafu ardhi ikibaki tupu mjini inavamiwa, iwe na bango au isiwe nalo. Inatakiwa itumike kuanzia wiki ya kwanza. Bonde lina wakulima wa mchicha na matembele miaka yote, lina viwanja vya mpira ambavyo Jumapili vinajaa. Hao wapewe maeneo kwa mkataba wa mwaka mwaka, wasijenge chochote cha kudumu, na wao ndio watakuwa walinzi wa kwanza. Kazi za kuchota mchanga, kusafisha makinga taka, kupanda miti na kutunza bustani wapewe vijana wa Kigogo, Jangwani na Mchikichini waliohamishwa au waliobaki jirani. Kijana anayelipwa kutunza ukingo hataruhusu mtu auze kiwanja pale usiku.

Na jambo la muda. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikizidi kuna riba, na ikipita miaka miwili uthamini unarudiwa. Watu wengi hawajui. Andikeni tarehe ya idhini ya uthamini wenu mahali, muihifadhi pamoja na nakala ya fomu. Mkipewa karatasi ya kusaini isiyo na kiasi, msisaini. Nimesikia wazee wawili waliosaini hivyo.

---

Binti_Hananasif

Naomba msaada kwenye jambo moja, wakuu. Nyumba yetu iko kwa jina la marehemu baba, hatujawahi kufungua mirathi kwa sababu tulikuwa tunaishi tu kwa amani. Sasa namba ya uthamini imeandikwa kwa jina la kaka mkubwa kwa kuwa ndiye aliyekuwepo siku ile. Mama yupo hai, ni mgonjwa. Kaka anasema hela ikitoka atagawa. Tunamwamini, ila shemeji zetu wameanza maneno. Tufanyeje kabla malipo hayajatoka?

---

Mwana_wa_Mzimuni

Dada, usingoje hela itoke. Ikishaingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, kuirudisha ni kesi ya miaka.

Anzeni na kikao cha familia, mama awepo au asomewe, muandike muhtasari na kila mtu asaini: nani warithi, nani anapendekezwa kuwa msimamizi. Anaweza kuwa kaka huyo huyo, hakuna ubaya, kinachotakiwa ni awajibike. Mchukue muhtasari, cheti cha kifo cha mzee na barua ya serikali ya mtaa mwende Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu kufungua mirathi. Mahakama itatoa tangazo, pasipokuwa na pingamizi msimamizi anateuliwa, na baadaye anatakiwa kurudisha hesabu mahakamani kuonyesha alipokea kiasi gani na kila mrithi alipata nini.

Wakati huo huo mpeleke barua kwa ofisi ya mradi na nakala kwa mtendaji wa kata, mkieleza kwamba nyumba ni ya marehemu na mirathi imefunguliwa, muombe jina lirekebishwe kuwa msimamizi wa mirathi ya fulani. Ofisi ipige muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, iwekeni vizuri. Kila mradi wa aina hii unatakiwa kuwa na dawati la malalamiko, mwombe namba ya lalamiko lenu.

Na kwa wanaume mnaosoma: nyumba ya ndoa, hata kama iko kwa jina lako, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamlinda mwenzi wako, huwezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yake. Mkachukue fidia wote wawili.

---

Binti_Hananasif

Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Kikao tumekiweka Jumamosi. Mama amekubali, ila hawezi kutembea mpaka mahakamani. Je, atahitajika mwenyewe?

---

MamaZai_Kigogo

Mwanangu, jirani yangu alikuwa na hali kama hiyo. Alieleza kwa karani mapema kwamba mama ni mgonjwa, wakaambiwa walete cheti cha daktari na mama asaini maelezo yake nyumbani mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nendeni mkamuulize karani kwanza Jumatatu asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, kila mahakama ina utaratibu wake. Na mchukue kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mama, msikisahau, wao walirudishwa kwa sababu hiyo.